Likizo ndefu ya chuo na kalenda ya kazi Tabora

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi Tabora kwa likizo ndefu hushuka kituoni mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, akiwa na begi la nguo na bahasha ya nakala za vyeti aliyoiandaa tangu chuoni. Juma la kwanza anapumzika na kusalimia ndugu. Juma la pili anaanza kuzunguka na bahasha ile: benki mbili tatu za mjini, ofisi za halmashauri, kampuni ya simu, shirika ambalo mjomba wake aliwahi kumtajia. Kila mahali anapokewa kwa heshima, barua yake inagongwa muhuri, na anaambiwa atapigiwa simu. Vyuo vinapokaribia kufunguliwa simu haijalia, naye anapanda basi akiwa ameshaamini kwamba Tabora hakuna kazi.

Imani hiyo ni kweli nusu. Ajira ya kudumu ni haba, na hilo halihitaji uchambuzi mrefu. Lakini kazi ya majuma manane au kumi ni kitu kingine, na kosa la kwanza la mwanafunzi wetu ni kuitafuta mahali ambapo kwa utaratibu wa mahali hapo haiwezi kuwapo. Ofisi ya umma huajiri kwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kwa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Hakuna mkuu wa idara anayeweza kubuni nafasi katikati ya Agosti kwa sababu tu ameingia kijana mwenye adabu na barua iliyonyooka. Tawi la benki nalo haliamui lenyewe nani aajiriwe, kwa sababu uamuzi huo unatoka makao makuu. Muhuri juu ya barua una maana kwamba barua imepokelewa, basi.

Mwanafunzi anayesoma habari za wenzake wa Ulaya au Marekani hukuta kwamba kazi za kiangazi huko ni jambo la kawaida, na hujiuliza kwa nini sisi tusiwe hivyo. Jibu lake si uvivu wa vijana wetu wala ubaya wa waajiri wetu. Kule likizo ya vyuo huangukia katika miezi ambayo hoteli za pwani hujaa, matunda huiva mashambani, na wafanyakazi wa kudumu huchukua likizo zao, kwa hiyo mikono ya ziada inatakiwa wakati ule ule ambao wanafunzi wako huru. Hapa kwetu likizo ndefu imepangwa kwa mahitaji ya mihula na udahili, na kiangazi chetu kina hesabu zake nyingine.

Tuitazame Tabora yenyewe. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Miche ya tumbaku huoteshwa vitaluni kabla ya mvua, huhamishiwa shambani mvua zinaposhika, na majani huchumwa na kukaushwa kwenye mabani katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Masoko ya tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge huwa yamekwisha kuchangamka Mei na Juni, na Agosti mengi yanaelekea ukingoni. Msimu wa ununuzi wa pamba Igunga na Nzega hufunguliwa Mei. Mpunga wa mabonde ya wilaya hizo hizo hupurwa na kununuliwa katika miezi ile ile. Hapo ndipo vyama vya msingi vya ushirika, wanunuzi na wenye malori huhitaji makarani wa kuandika uzito, watu wa kuhesabu marobota na vijana wa ghalani. Wakati huo mwanafunzi wetu yuko Dodoma au Dar es Salaam akijiandaa na mitihani ya muhula wa pili. Akifika nyumbani, turubai zinakunjwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Tabora hulisema kwa uchungu, na wana haki. Baada ya sokoni, tumbaku yetu huondoka. Viwanda vikubwa vya kusindika jani hilo kwa miaka mingi vimekuwa Morogoro, na huko ndiko kunakoajiriwa vibarua wa msimu kwa wingi wakati jani linapofika. Laiti hatua hiyo ingefanyika hapa, kazi za Agosti na Septemba zingekuwa jirani na nyumbani kwa kijana wa Urambo. Kwa sasa mkoa unaolima unabaki na kazi za shamba na za mzani, ambazo huisha kabla likizo haijaanza.

Nitapita pembeni kidogo. Kazi ya msimu katika nchi hii ya Unyamwezi ni ya zamani kuliko chuo kikuu chochote cha Tanzania. Wapagazi wa karne ya 19 waliotoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kwenda pwani na misafara ya pembe za ndovu hawakuondoka ovyo. Wengi walisafiri kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, na walipenda kuwa nyumbani mvua za kupandia zikikaribia. Walijua kazi ina mwezi wake. Ujuzi huo tumeuacha mahali fulani kati ya darasa la kwanza na shahada ya kwanza.

Je, mwanafunzi anayefika Agosti amekosa kila kitu? Hapana. Mwanafunzi huyu anafika wakati fedha ya mazao imeshalipwa, au inaendelea kulipwa, na inaanza kutumika. Amekosa msimu wa kuchuma, lakini ameingia katika msimu wa kutumia. Kuanzia Agosti hadi Oktoba watu wa Tabora hufyatua matofali na kuyachoma, huezeka nyumba, huoza mabinti, hununua pikipiki na hushughulikia masomo ya watoto wao. Kila moja ya shughuli hizo huhitaji mtu wa muda. Anayemhitaji, hata hivyo, hana ubao wa matangazo wala idara ya rasilimali watu: ni fundi, ni mwenye duka, ni mpambaji wa kumbi, ni mmiliki wa shule ndogo ya binafsi.

Sehemu yenye nafasi nzuri zaidi kwa mwanafunzi, kwa maoni yangu, ni ile inayohusu elimu yenyewe, na nashangaa jinsi inavyopuuzwa. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Mara baada ya hapo madirisha ya udahili wa vyuo yanafunguliwa, na ombi la mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nalo huwa na tarehe yake ya mwisho. Katika majuma hayo kila duka la steshenari la mjini Tabora, Nzega au Urambo hujaa vijana na wazazi wao. Wengi hawajawahi kutengeneza akaunti ya maombi, hawajui kozi zipangwe vipi kulingana na alama, cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), fomu ya mkopo haina muhuri wa serikali ya mtaa au sahihi ya kamishna wa viapo. Mwenye duka anajua kuchapa na kutoa nakala. Mara nyingi hajui tofauti ya kozi moja na nyingine, na hajawahi yeye mwenyewe kuomba mkopo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu amepitia yote hayo, na pengine aliwahi kukosea na kusahihisha. Hapa ana bidhaa ambayo hakuna mtu mwingine mtaani aliye nayo, na inatakiwa kwa majuma sita au manane tu, yaani kwa kipimo kile kile cha likizo yake.

Kazi hii ina masharti yake. Kosa la namba moja ya mtihani laweza kumgharimu mtoto wa mtu mwaka mzima, kwa hiyo anayeifanya lazima amwonyeshe mwombaji kila ukurasa kabla ya kuutuma, na asibaki na nywila za watu kwenye simu yake. Malipo kwa kila fomu ni bora kuliko posho ya siku, kwa sababu siku za mwisho za dirisha watu hupanga foleni hadi usiku, na haifai jasho lote hilo liishie kwa mwenye mashine.

Baada ya maombi kuna shule. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na tangu siku hiyo hadi Januari watoto waliomaliza wako nyumbani. Wazazi wenye uwezo kidogo huwapeleka kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, yale tunayoyaita pre-form one, na vituo vinavyoyatoa hutafuta walimu wa Kiingereza, hisabati na sayansi kwa mikataba mifupi. Mwanafunzi wa ualimu anayesubiri atangaziwe na shule kubwa ya sekondari anapitwa na vituo hivi, ambavyo vinaanza kujaza ratiba zao kabla mtihani haujafanyika. Ukweli ni kwamba chuo kikifunguliwa Oktoba au Novemba atawaacha watoto njiani. Mwajiri mwema atataka kulijua hilo mapema, na kijana mwema atalisema bila kuulizwa.

Shughuli nyingine nitazitaja kwa haraka. Harusi za kiangazi huwapa kazi wapiga picha, wapambaji na wanaohudumia vyakula, lakini siku zake ni Jumamosi na Jumapili tu. Wakala wa fedha za simu anayetaka kusafiri huhitaji mtu wa kukaa kibandani. Atakayekubali ahesabu fedha taslimu na salio la simu mbele ya mwenyewe asubuhi na jioni, maana upungufu humwangukia aliyekuwa kwenye kiti. Ujenzi wa reli ya kisasa unaoendelea katika vipande vinavyokutana Tabora huchukua vibarua na mafundi wa aina mbalimbali, kama ilivyofanya karakana ya mabomba ya mafuta ghafi pale Sojo wilayani Nzega. Mwanafunzi wa uhandisi angefaidika na kazi ya kawaida kabisa huko kuliko na kiti cha ofisi. Kusaidia fundi ni kazi halali pia. Nimesikia mama mmoja akimwambia mwanawe kwamba hakuuza mbuzi wamsomeshe ili aje kubeba zege mbele ya majirani, na sikuweza kumlaumu kabisa, ingawa nadhani majirani hao hawakuchangia ada.

Kigoma mambo yana sura yake. Kule mwajiri mkubwa wa vijana wa msimu ni Ziwa Tanganyika: mialo ya Kibirizi na Katonga, waanikaji wa dagaa, wapakiaji wa migebuka, boti za kwenda vijijini. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na biashara yote ya mwaloni ikapungua kasi. Ziwa likifunguliwa katikati ya Agosti, kazi hurejea kwa mkupuo, na mwanafunzi wa Ujiji aliye nyumbani tayari anaikuta mwanzoni kabisa. Ni bahati ya kalenda ambayo mwenzake wa Tabora hana. Ila mtu asitarajie kwamba wachuuzi wa dagaa wenye mikataba ya maneno ya miaka mingi na wavuvi watampisha mgeni kwa sababu ana kitambulisho cha chuo. Nafasi yake iko kwenye kuhesabu, kupima, kufungasha na kutafuta wanunuzi wa mbali kwa simu.

Zipo pia kazi za muda za Serikali, ambazo hutokea kwa vipindi lakini kwa wingi. Sensa ya watu na makazi ya Agosti 23, 2022 ilihitaji makarani nchi nzima. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa Kigoma Julai 20, 2024, ukahitaji waandishi wasaidizi na waendeshaji wa vifaa vya bayometriki. Kazi za aina hii zinamfaa mno mwanafunzi: ni za siku au majuma machache, zinataka mtu anayesoma maelekezo na kuyafuata, na zinalipwa. Mbona basi wanafunzi wengi huzikosa? Kwa sababu maombi hupita katika kata na halmashauri, tangazo hukaa ubaoni siku chache, na mwombaji hutakiwa kuwa mkazi wa eneo husika. Mtu aliyeko chuoni Mwanza hujua habari hizo siku majina ya waliochaguliwa yanapobandikwa. Anayekumbuka kumwachia mdogo wake au shangazi yake kazi ya kupita ofisi ya kata kila wiki huwa amejiwekea mlinzi mlangoni.

Sasa tuje kwenye kikwazo ambacho si cha kalenda ya mazao bali cha vyuo vyenyewe. Kwa kozi nyingi, likizo hiyo hiyo ndiyo muda wa mafunzo kwa vitendo, yale yanayojulikana kwa wote kama fildi, na kwa walimu ni mazoezi ya kufundisha. Majuma manane kati ya kumi au kumi na mawili yanakwenda huko. Mwenye mkopo hupata posho ya siku hizo kwa kiwango cha Sh10,000 kwa siku, zisizozidi siku 56, kama amepangiwa kipengele hicho. Asiye na mkopo hapati kitu, na taasisi nyingi zinazompokea hazimlipi hata nauli. Matokeo yake ni kwamba kijana wa familia maskini, ambaye ndiye anayehitaji zaidi kibarua cha likizo, ndiye anayezuiwa kukifanya ili akakae bure ofisini akisubiri kutumwa kuleta chai. Sidai kwamba fildi haina maana. Nimewaona waliotoka huko wakiwa watu wengine. Ninachodai ni kwamba chuo kinachomtaka mwanafunzi atumie nguvu yake kwa majuma manane kina wajibu wa kuuliza kama nguvu hiyo inalipwa, na kinaweza kwa urahisi kukubali kazi ya malipo katika chama cha msingi, kiwanda cha kufungasha asali au kampuni ya ujenzi iwe ndiyo fildi, mradi ina msimamizi na ripoti. Mkoa wenye chuo cha ufugaji nyuki na misitu ya miombo ambamo asali hurinwa kiangazi haukosi mahali pa kumpeleka mwanafunzi wa biashara au wa sayansi ya chakula.

Nimebakiza suala la malipo, na hapa nazungumza kama mtu aliyewahi kuumia. Nikiwa mwaka wa pili nilibahatika kuajiriwa na mnunuzi mmoja wa mpunga aliyekuwa amechelewa kufunga msimu. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini idadi ya magunia na uzito wake, pamoja na kubishana kwa upole na wakulima kuhusu lumbesa, ule ujazo wa gunia kupita kipimo, ambayo wakati huo kila mtu aliilaani na kila mtu aliijaza. Tulikubaliana kwa mdomo malipo ya kila juma. Majuma mawili ya kwanza nililipwa. Mawili ya mwisho niliambiwa nisubiri gari lirudi kutoka Shinyanga. Gari lilirudi, mimi nikaondoka kwenda chuo, na fedha yangu sijaiona hadi leo. Sikuwa na karatasi hata moja yenye jina langu na jina lake, nikadhani basi sina haki.

Nilikosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu kazi, mahali, saa na ujira, isipokuwa kwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi hayo kunapotokea shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye, si mfanyakazi. Saa za kawaida hazizidi tisa kwa siku wala 45 kwa juma, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Kima cha chini cha mshahara hupangwa kwa amri ya Serikali, sekta kwa sekta. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, hata hivyo, haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri, na hilo linawagusa vibarua wote wa likizo: mwenye duka anaweza kukuambia usirudi kesho. Ujira wa siku ulizokwisha kufanya hawezi kuugusa.

Malalamiko ya ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Siku hizo ni nyingi kwa mtu aliye nyumbani, lakini kwa mwanafunzi zinakwenda haraka, kwani nusu yake humkuta yuko chuoni mamia ya kilomita kutoka Tabora, akiwa na majaribio ya kufanya na nauli ya kuhesabu. Kwa sababu hiyo nadhani malipo ya kila siku au ya kila juma yanamfaa zaidi kuliko ahadi ya mwisho wa mwezi, hata kama ahadi hiyo ni kubwa. Ujumbe mmoja wa simu unaosema, kwa heshima, kwamba kama tulivyokubaliana nitaanza Jumatatu kwa ujira wa kiasi fulani kwa siku, ukajibiwa sawa, unatosha kuwa mwanzo wa ushahidi, na mwajiri mwaminifu hataukasirikia.

Mwenye duka moja la steshenari karibu na soko kuu aliniambia mwaka jana kwamba msaidizi wake wa msimu wa maombi alikuwa msichana wa mwaka wa tatu aliyempigia simu Mei, kabla ya mitihani yake, akimweleza ni tarehe gani atafika na ni tarehe gani ataondoka. Alimwekea kiti. Baada ya hapo, kati ya Agosti 5 na 20, alipokea bahasha kumi na moja, na zote ziko kwenye droo chini ya mashine ya kutolea nakala, hazijafunguliwa.